Tahariri: Hukumu Ilitolewa Lini?



Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukihudumu katika parokia moja ya kijijini, alitujia mama mjane akiwa na bahasha aliyoifunga ndani ya pindo la khanga. Mumewe alikuwa amefariki dunia bila kuacha wosia. Shemeji yake alikwisha kuteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, na katika orodha ya mali za marehemu aliliandika shamba la migomba na kahawa kuwa ni shamba la ukoo. Lakini shamba hilo halikuwa la ukoo. Mama yule na mumewe walilinunua kwa fedha zao wenyewe, na sehemu ya fedha hizo ilitokana na vitumbua alivyouza yeye mnadani. Aliweka pingamizi mahakamani, akashindwa. Ndipo akaja kwa padre wake.

Sisi tulifanya lile ambalo mapadre wengi hulifanya. Tulimfariji, tukasali naye, tukamshauri asihangaike tena na mahakama, kwa kuwa mambo ya familia humalizwa na familia. Tukawaita mashemeji zake. Walikuja kwa heshima, wakakubali kuzungumza, wakaomba muda wa kushauriana na wazee. Kikao cha kwanza kilifanyika katika juma la pili la Kwaresima. Cha pili kiliahirishwa kwa sababu ya msiba. Cha tatu kilifanyika baada ya Pasaka, na siku hiyo mashemeji, wakiwa wametulia kuliko siku zote, walisema hawana la kuongeza, kwani mahakama ilikwisha kuamua.

Hatukuelewa utulivu ule ulitoka wapi. Aliyetufumbua macho ni kijana mmoja wa parokia, mwanafunzi wa sheria katika chuo kimojawapo cha Kanisa, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Alikuja ofisini kuomba barua ya utambulisho, akamkuta yule mama ameketi nasi na bahasha yake iko mezani. Kwa idhini ya mama akazisoma karatasi zile moja baada ya nyingine. Hakuuliza ni nani mwenye haki wala ni nani mkorofi. Aliuliza jambo moja tu: "Baba Paroko, hukumu hii ilitolewa lini?"

Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30. Tulihesabu kwa kidole juu ya kalenda ya ukutani. Siku 30 zilikuwa zimepita zamani, nazo zilipitia mikononi mwetu, katika vikao vyetu vya upatanisho, kati ya sala ya kufungua na sala ya kufunga.

Tumeanza na habari hii, ambayo hatuoni fahari kuisimulia, kwa sababu mazungumzo juu ya vyuo vyetu vya sheria huanza mara nyingi mahali pasipofaa. Huanza na mahafali. Tunasikia kwamba mtoto wa fulani amepata shahada ya sheria, tunachanga fedha za sherehe, tunampigia vigelegele akiwa amevaa joho, na kigango kizima kinajivuna kuwa sasa kina mwanasheria. Furaha hiyo ni halali, wala hatuna nia ya kuipunguza. Lakini mbele ya mama aliyepoteza siku 30 joho halina jibu. Swali tunalotaka kuwaulizeni, na kujiuliza wenyewe, ni hili: Kanisa linafundisha sheria ili iweje?

Ni kweli kwamba linafundisha. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania, pale Nyegezi nje kidogo ya Mwanza, kina mizizi yake katika kituo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa mwaka 1960 na Askofu Joseph Blomjous wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, na kikawa chuo kikuu mwaka 1998 chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Chuo Kikuu Kikatoliki cha Ruaha, mjini Iringa, kilianza mwaka 2005 kikiwa chuo kishiriki cha kile cha Nyegezi. Jirani zetu wa Kenya nao wana Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki, ambacho kilianza mwaka 1984 kwa juhudi za maaskofu wa nchi za AMECEA. Katika vyote hivi sheria hufundishwa. Vijana wetu wanakwenda huko kwa mamia, nanyi ndio mnaowalipia karo, kwa kahawa, kwa pamba, kwa mishahara ya ualimu na kwa mikopo ya vikundi.

Wako wanaosema kwamba sheria ni kazi ya dunia na kwamba Kanisa lingetosheka na teolojia, ualimu na uuguzi. Hao hawajui historia ya nyumba yao. Karibu mwaka 1140, pale Bologna nchini Italia, Graziano alikusanya na kupatanisha kanuni za Kanisa zilizotawanyika na kupingana, na kazi yake ikawa kitabu cha kufundishia katika vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi. Kanisa halikuingia katika darasa la sheria kama mgeni. Lilikuwamo tangu darasa hilo lilipojengwa.

Twapenda zaidi kumkumbuka Mtakatifu Ivo. Alizaliwa mwaka 1253 huko Bretagne, Ufaransa, akasoma Paris na Orléans, akawa hakimu wa mahakama ya Kanisa, kisha padre. Alipata sifa ya kuwatetea wajane, yatima na maskini bila malipo, hata watu wakamwita wakili wa maskini. Alifariki mwaka 1303, akatangazwa mtakatifu mwaka 1347, na hadi leo wanasheria wanamheshimu kama msimamizi wao kila tarehe 19 Mei. Yafaa tuangalie jambo moja katika maisha yake ambalo hupitwa kwa haraka: kabla ya kuwatetea maskini alikaa darasani miaka mingi. Huruma yake ilikuwa na elimu ndani yake. Sisi tulikuwa na huruma kwa yule mama mjane, tena ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomfungia mlango wa rufaa.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa maana tunaona kuna kosa linaloenea, hata miongoni mwa walei walio hodari. Kosa hilo ni kudhani kwamba chuo cha sheria cha Kikatoliki ni kile chenye kikanisa katikati ya uwanja, Misa ya kufungua mwaka, na somo moja la maadili mwishoni mwa juma. Hayo ni mema. Lakini ukatoliki wa chuo cha sheria lazima uonekane pia katika namna ya kufundisha mashauri ya madai, ushahidi, ardhi na mirathi. Tutatoa mifano miwili, yote ya kwetu.

Wa kwanza ni wa mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory. Alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, na mwaka 1988, akiwa mzee, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Bernardo Ephrahim, ndugu wa ukoo huo, akaenda Mahakama ya Mwanzo akidai kwamba mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinamkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, akashinda. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikageuza uamuzi. Shauri likavuka ziwa hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Uamuzi huo husomwa katika vyuo vya sheria ndani na nje ya nchi. Mwanafunzi wa Nyegezi anausoma akiwa kilomita chache tu kutoka mji uliotolewa.

Wa pili ni wa wajane wawili wa Shinyanga, wanaojulikana kwa herufi E.S. na S.C. Baada ya waume zao kufa, ndugu za waume waliwatoa katika nyumba zao kwa kutumia mila zile zile za mwaka 1963. Walikwenda Mahakama Kuu kuomba kanuni hizo zifutwe. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzibatilisha, ikiona kuwa mila haziwezi kubadilishwa kwa hukumu ya jaji. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao bila kufika kwenye kiini cha shauri, kwa sababu ya kasoro katika karatasi za amri iliyokatiwa rufaa. Ilibidi waende hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba haki zao zilivunjwa.

Tazameni umbali kati ya mashauri haya mawili. Katika la kwanza ujasiri ulikutana na utaratibu uliokaa sawasawa, na haki ikapata njia. Katika la pili wajane walikuwa na mawakili wenye moyo, walikuwa na hoja, walikuwa na mahakama iliyokwisha kukiri ubaguzi, kisha karatasi yenye kasoro ikasimama mlangoni kama askari. Miaka minne ya kusubiri iliishia hapo. Hatusemi kosa lilikuwa la nani, kwani karatasi ya mahakama hupitia mikono mingi. Tunasema tu kwamba mwalimu wa sheria anayempa mwanafunzi mzembe alama za kumwonea huruma anapaswa kumfikiria mjane atakayemlipia huruma hiyo.

Ndiyo maana matokeo ya Oktoba 2022 hayakutupasa kuyachukulia kama habari ya gazeti tu. Kama mjuavyo, mwenye shahada ya sheria Tanzania Bara hawi wakili mpaka apitie Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Katika kundi moja la wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa. Zogo likawa kubwa, Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, kila mmoja akamnyooshea mwenziwe kidole: vyuo vikaisema Shule, Shule ikavisema vyuo, wazazi wakawasema wote. Wanafunzi wale walitoka vyuo vingi, vya Serikali na vya madhehebu mbalimbali, wala si haki kukitwisha mzigo chuo kimoja. Lakini chuo kinachobeba jina la Kanisa hakiwezi kujificha katika wingi huo. Chapa ya Mtakatifu iliyo juu ya cheti ni ahadi kwa watu ambao hawatakisoma cheti hicho kamwe.

Vyuo vyetu havina ruzuku ya kujivunia. Vinaishi kwa karo. Panapoishi karo huingia kishawishi cha kupokea wengi kuliko walimu wanaoweza kuwasikiliza, na darasa la watu mia tatu halimfundishi mtu kuandika hati ya madai. Tumewahi kumsikia mhadhiri mmoja akikiri kwamba alisahihisha kazi za wanafunzi wake kwa kupima urefu wake kwa macho. Alisema kwa utani. Hatukucheka sana. Ni afadhali chuo cha Kanisa kipokee vijana wachache na kuwafundisha kwa jasho, hata kama jengo jipya litachelewa. Tunajua wahasibu wa vyuo hawatatushukuru kwa maneno haya.

Kisha iko habari ya lugha. Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili tangu zamani, lakini kumbukumbu na hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, hata mtu akafungwa au akanyang'anywa nyumba kwa maneno asiyoweza kuyasoma. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya utoaji haki, Kiingereza kikibaki pale ambapo haki yenyewe inakihitaji. Ni badiliko kubwa. Hata hivyo darasani mambo yamebaki karibu vile vile: kijana anasoma vitabu vya Kiingereza, anajibu mitihani kwa Kiingereza, anashindana katika mahakama ya mazoezi kwa Kiingereza, kisha anarudi nyumbani na kushindwa kumweleza shangazi yake tofauti kati ya msimamizi wa mirathi na mrithi. Na tofauti hiyo ndiyo iliyowapokonya wajane wengi mashamba! Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni na kuwagawia wanaostahili. Hamiliki kitu kwa kuwa ameteuliwa tu. Laiti hilo lingeelezwa kwa Kiswahili chepesi katika kila jumuiya ndogondogo, mashemeji wengi wangelazimika kutafuta hila nyingine.

Kwa hiyo tunaviomba vyuo vyetu jambo ambalo halihitaji fedha za wafadhili. Mahakama ya mazoezi ifanyike kwa Kiswahili angalau nusu ya mwaka. Mwanafunzi asihitimu mpaka ameeleza shauri moja la ardhi na moja la mirathi mbele ya akina mama wa WAWATA wa parokia ya jirani, nao wakasema wameelewa. Tunawajua akina mama hao. Hawatoi alama za bure.

Tunatazamia pingamizi, na pingamizi hilo lina Maandiko mkononi. Je, Mtume Paulo hakuwakemea Wakristo wa Korintho kwa kuburutana mahakamani mbele ya wasioamini? Naam, aliwakemea, nasi tulimnukulia yule mama mjane sura hiyo hiyo ya sita. Lakini Paulo alikuwa akiwaambia watu wanaodhulumiana kwamba ni aibu kudhulumu ndugu. Hakuwa akimwambia aliyedhulumiwa kwamba shamba lake si kitu. Na yeye mwenyewe, aliposimamishwa mbele ya Festo na kuona kwamba kesi yake inataka kupelekwa Yerusalemu ambako asingepata haki, alikata rufaa kwa Kaisari. Mtasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 25. Aliijua haki yake ya uraia, akaidai pale pale, siku ile ile, bila kusubiri kikao cha tatu. Upatanisho ni kazi yetu na hatutauacha. Lakini upatanisho kati ya mwenye nguvu na asiyejua haki yake ni kusalimu amri kwa mnyonge, hata tukiupamba kwa sala.

Basi tufanyeje hapa chini, parokiani? Wengine wametuuliza kama Tume ya Haki na Amani inataka kila parokia iwe na wakili. La hasha. Mawakili hawatoshi, na wengi wako mijini ambako ofisi inalipa kodi yake. Kijana aliyemaliza masomo akiwa na deni la mkopo wa elimu ya juu shingoni hawezi kulaumiwa kwa kukimbilia Dar es Salaam au Dodoma. Lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka 2017, imewatambua wasaidizi wa kisheria, yaani watu wa kawaida waliopata mafunzo maalumu na kusajiliwa. Msaidizi wa kisheria hamwakilishi mtu mahakamani wala hamtozi mtu fedha. Kazi yake ni kuelimisha, kumsaidia mtu apate nyaraka zake, na kumwelekeza aende baraza gani au mahakama gani, kabla muda haujapita. Mtu wa namna hiyo angelikuwapo katika kigango cha yule mama, tusingekuwa na la kusimulia leo. Vyuo vyetu vinaweza kuwafundisha watu hao wakati wa likizo, madarasa yakiwa matupu. Kila parokia inaweza kupeleka wawili, mwanamke na mwanamume, na si lazima wawe walimu wastaafu. Tumeona mshona viatu mwenye kumbukumbu ya tarehe kuliko karani.

Lakini kabla hatujafungua dawati la kuwasaidia wengine, tutazame nyumbani. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971, iliyoongelea haki duniani, ilikwisha kutukumbusha kwamba anayetaka kuwahubiria watu haki hana budi kuwa mwenye haki machoni pao kwanza. Kuna parokia ambazo katekista amefundisha miaka ishirini bila kipande cha karatasi kinachosema yeye ni nani na anastahili nini. Kuna wapishi na walinzi wa nyumba za mapadre ambao hawajui kama wamewahi kuandikishwa kwenye mfuko wowote wa hifadhi ya jamii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina kifungu kinachowasamehe waajiri waliovaa kanzu. Kuna viwanja vya vigango vilivyotolewa kwa mdomo na mzee aliyekwisha kufariki, na leo wajukuu zake wanauliza, kwa haki kabisa, karatasi iko wapi. Twaviomba vyuo vyetu vituletee wanafunzi wao wa miaka ya mwisho watukague, kama daktari anavyompima mtu kabla ya kumruhusu kubeba mizigo. Tutaona haya kidogo. Ni afadhali kuona haya mbele ya wanafunzi kuliko mbele ya hakimu.

Na yule mama? Kijana hakuishia kwenye swali lake. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kusimama mahakamani, kwa hiyo alimwendea mwalimu wake mmoja ambaye pia ni wakili, naye akakubali kulishika jambo hilo bila malipo. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuomba Mahakama ya Wilaya iongeze muda wa kukata rufaa, na maombi ya namna hiyo yanahitaji sababu ya kutosha, iliyotolewa kwa kiapo. Kutojua sheria peke yake kwa kawaida si sababu. Wakili akatuuliza sababu ya ucheleweshaji ilikuwa nini hasa. Tulikaa kimya kidogo, kisha tukamwambia kwamba sababu ilikuwa sisi.

Akaiandika. Tulisimama mbele ya kamishna wa viapo tukaapa kwamba mama huyu alifika kwetu na hukumu yake mapema, kwamba tulimshauri asiendelee na mahakama, kwamba tuliendesha vikao vitatu kati ya Kwaresima na Pasaka, na kwamba alitutii kwa sababu sisi ni paroko wake. Ni hati fupi, kurasa mbili. Katika miaka yote ya ukasisi hatukuwahi kutia sahihi karatasi nzito kama ile. Mahakama ilikubali maombi, nasi hatungeshangaa kama ingeyakataa. Rufaa yenyewe ilichukua zaidi ya mwaka mzima. Mama alirudishiwa nyumba na sehemu ya migomba. Sehemu ya kahawa ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa mtu wa tatu, na shauri la sehemu hiyo lilifuata njia nyingine, ndefu, ambayo alichoka kabla ya kuifikia mwisho.

Kijana sasa amehitimu. Hatutasema yuko wapi, kwa kuwa hapendi kutajwa, ila si Dar es Salaam.

Tangu siku ile tuna daftari mezani. Mtu akija na jambo la mahakama, kabla ya faraja na kabla ya kuitwa kwa yeyote, huandikwa ndani yake mambo matatu: jina la mahakama au baraza, namba ya shauri, na tarehe ya uamuzi. Tunaomba kila ofisi ya parokia na kila mwenyekiti wa kigango afanye vivyo hivyo. Parokia zilizokwisha kupata wasaidizi wa kisheria zipange siku ya kukutana na watu, iwe Jumamosi ya kwanza ya mwezi au siku ya soko, na itangazwe baada ya Misa pamoja na matangazo ya ndoa. Watu waje na karatasi zote, hata zile zilizochanika, na wasiache bahasha nyumbani kwa kuogopa kwamba itapotea. Aliye na hukumu mkononi asisubiri Jumamosi.